Tangazo la Mdogo Wetu

Mlango wa ofisi ya mdogo wangu uliandikwa kwa rangi nyekundu: MENEJA WA VIPINDI. Ulikuwa mlango wa bati. Ofisi yenyewe ilikuwa stoo ya zamani ya pamba, nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa mabasi hapa Bariadi. Mzee huyo alikuwa amefunga dishi kubwa uani na kuvuta nyaya mpaka kwenye maduka, baa na nyumba za watu waliojiweza, kuanzia mjini kati hadi Somanda. Kila aliyeunganishwa aliona stesheni za mbali, na juu yake stesheni moja ya hapahapa. Hiyo ya hapahapa ndiyo aliyokabidhiwa mdogo wangu. Siku ya kwanza nilipompelekea viazi nilisimama nje nikiyasoma yale maneno taratibu, maana shule niliiachia darasa la sita, na nikaona aibu kugonga.

"Dada, ingia tu," akasema kutoka ndani. "Meneja mwenyewe hana kiti."

Kweli hakuwa nacho. Alikuwa amekalia kreti ya soda.

Watu walimjua kwanza kama mtu wa video, kisha mtu wa televisheni, mwishoni mtu wa intaneti, na wengi walimwona ana kasoro kichwani. Mimi nilijua kwamba kazi zote hizo zilikuwa kazi moja. Alikuwa anamtafuta mdogo wetu wa mwisho, wa kike, na mimi ndiye niliyemtoa.

Baba na mama walikufa masika moja, wakipishana wiki tano. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, yeye saba, na yule mdogo hajafikisha miwili. Ilikuwa miaka ile ambayo duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na chumvi ilipatikana kwa kujuana. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa uani kutugawa. Mimi niende kwa baba mkubwa Maswa, mvulana aende Mkula akachunge, mtoto aende kwa atakayemweza. Nilisimama nikasema sigawiwi, na huyu wa kiume hagawiwi, tutalima shamba la baba. Wazee walicheka. Mmoja akaniuliza, "Na huyo wa mgongoni utamnyonyesha nini, pamba?"

Mtoto alikuwa amekonda, na mguu wake wa kushoto, nyuma chini ya goti, ulikuwa na kidonda cha moto. Uji ulimmwagikia nikiwa nauguza mama. Ndipo shangazi mmoja wa mbali, aliyeolewa na mvuvi pwani ya ziwa, akasema atamchukua mradi apewe na ng'ombe wa maziwa wa kumlea. Tulikuwa na ng'ombe watatu. Nikamfungua yule mwekundu, nikamkabidhi shangazi kamba mkono wa kulia na mtoto mkono wa kushoto. Nilisema nitamfuata baada ya mavuno mawili.

Nilimfuata baada ya mavuno mawili kama nilivyosema. Nyumba ilikuwa tupu. Mume alikuwa amehamia kambi nyingine ya uvuvi. Majirani wengine walisema visiwani, wengine upande wa Musoma. Nilirudi kwa miguu mpaka barabara kuu.

Mvulana nilimsomesha kwa pamba. Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na mizani zao, tukauza tunakotaka, na akafika kidato cha nne. Baada ya hapo akaenda Mwanza kujifunza kufungua redio na kuzifunga, akarudi na televisheni, deki na jenereta, akafungua kibanda cha video. Ndani ya kibanda kile, kati ya picha moja na nyingine, alikuwa anasimama mbele ya watu na kuuliza kama kuna anayetoka pwani ya ziwa. Vijana wakampigia kelele, "Mwalimu, washa picha!" Naye akawasha.

Hivyo alipopewa stesheni, aliona amepewa mdomo mkubwa zaidi.

Hakuiendesha kama wengine. Siku ya mnada alifunga kamera juu ya nguzo, akawaonyesha watu ng'ombe wakiuzwa kuanzia asubuhi mpaka jioni bila neno lolote la mtangazaji. Mvua ilipochelewa alielekeza kamera mawinguni, upande inakotokea, akaiacha hapo saa nzima. Mwenye mabasi alikuja mbio.

"Kijana, watu wanalipa waone mieleka. Wewe unawaonyesha ng'ombe wao wenyewe?"

"Mzee, mtu ng'ombe wake anamjua. Hajawahi kumwona akiwa ndani ya televisheni."

"Na mawingu?"

"Mawingu hayajalalamika."

Mzee aliondoka akitikisa kichwa, lakini wiki ile watu wengi wapya waliomba kuunganishwa, naye akanyamaza. Baa zilijaa siku za mnada. Wanaume walisimama mbele ya kioo wakibishana kuhusu pembe za fahali waliyekuwa wametoka kumwona kwa macho muda mfupi kabla.

Kipindi alichokipenda kilikuwa saa moja jioni. Kilikuwa cha waliopotea. Mtu aliyepotelewa na ng'ombe alikuja ofisini, mdogo wangu akaandika rangi, sikio lilivyokatwa, alama ya chuma iko paja gani, na mwisho zawadi. Kisha akasoma mbele ya kamera, pole pole, kama anavyotangaza mtu wa kijijini anayepita nyumba kwa nyumba. Ng'ombe wengi walirudi. Baiskeli pia, na mara moja bibi kizee aliyetoka hospitali akashika njia isiyo yake.

Alikaa miezi kadhaa kabla ya kutangaza la kwetu. Nilimuuliza anangoja nini.

"Nangoja maneno," akasema. "Sitaki kumsoma kama wengine. Nataka nikae tu niseme, mdogo wangu, mimi ni kaka yako, tupo, njoo."

"Nani atajua unamwambia nani?" nikamwambia. "Hajui sura yako. Hata jina huenda walimbadilisha. Sema alama. Sema mguu wa kushoto, kovu la moto nyuma, chini ya goti. Sema aliondoka na ng'ombe mwekundu. Na sema zawadi."

"Zawadi ya nini, dada? Ni mtu."

"Huwezi kuomba macho ya watu ukiwa na mikono mitupu. Sema mtamba."

Kwetu ndivyo ilivyo. Anayekutafutia kilichopotea humwachi aondoke hivihivi. Nilikuwa na mtamba mmoja mzuri sana, na kwa akili yangu, kumtoa yule kulikuwa ndiyo heshima kubwa kuliko zote niliyoweza kumfanyia mdogo wetu aliyepotea. Alibisha siku mbili. Mimi ndiye niliyemlea, nikamshinda.

Akasoma kama nilivyotaka, jioni saba mfululizo. Hakuna aliyekuja, isipokuwa walaghai wawili walioleta wasichana wasio na kovu lolote.

Baada ya mwaka hivi mwenye mabasi akaleta mtu kutoka Mwanza mwenye tai, akataka muziki kutwa nzima. Mdogo wangu akaambiwa abaki chini yake. Alichukua kreti yake akaondoka. Watu wakasema sasa amekwisha. Yeye akakodi chumba karibu na stendi, akaweka kompyuta tatu na dishi jipya, akaandika ukutani INTANETI.

Mwanzoni watu walikuja kuchungulia tu. Mama mmoja muuza karanga alimuuliza, "Baba, humo ndani ya hiyo intaneti kuna nini?" Akamjibu kama tunavyowaita mama zetu, "Mayu, kuna watu wote, ila hawajapangwa." Polepole wakazoea. Alikuwa anawaandikia barua wasiojua kuandika, akawatafutia bei ya pamba na matokeo ya mitihani. Vumbi la kiangazi liliua kompyuta moja, akaifungua akaifufua. Na kwa mikono yake akatengeneza ukurasa aliouita Waliopotea, kama kile kipindi. Aliyahamishia humo matangazo yote ya zamani aliyokuwa ameyaandika kwenye daftari: watu tu, ng'ombe akawaacha. La kwetu alilinakili kama lilivyosomwa. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Alipofika kwenye mtamba alisita, akanitazama. Nikasema, "Weka. Bado yupo." Kwa kweli yule wa kwanza alikuwa amekwisha kuzaa mara mbili.

Jibu lilikuja msimu wa kuchuma pamba. Alituma kijana wa baiskeli kuniita shambani, nikaenda na nguo za kazi. Akanisomea kwenye kioo. Mtu wa Lamadi alikuwa ameandika kwamba mke wa kaka yake ana kovu kama hilo, na alilelewa na mwanamke aliyewahi kusema mtoto huyo alikuja na ng'ombe mwekundu. Chini yake akaongeza: Nimemwonyesha. Anasema msimtafute.

Mdogo wangu aliyasoma hayo ya mwisho mara mbili, kama vile ya pili yangekuwa tofauti.

"Niende mimi," nikasema. "Ni mimi niliyemtoa."

Lamadi nilimkuta kwenye uwanja wa kuanikia dagaa, anawageuza kwa reki ndefu. Sikuhitaji kuangalia mguu. Alikuwa na paji la uso la baba. Nilimwamkia kwa Kisukuma, akaitikia kama anavyoitikia mgeni yeyote wa rika langu.

"Mwadila, mayu. Unataka wa kilo au wa kopo?"

Nikamwambia mimi ni nani. Hakuangusha reki. Aligeuza safu mpaka mwisho, ndipo akanikaribisha kivulini, akanipa maji na kigoda.

"Nilijua siku moja mtafika," akasema. "Si kwa sababu ya shemeji na kompyuta yake. Niliwaona zamani."

"Ulituona wapi?"

"Bariadi. Mama mkwe alilazwa hospitali, nilimuuguza wiki tatu. Jioni nilikuwa nakwenda kula kwa mama ntilie, nje ya geti. Kulikuwa na televisheni." Alikuwa anaongea bila kunitazama, mikono imelala juu ya kanga. "Kaka mmoja akatangaza mtamba mweusi, sikio la kulia limekatwa. Watu wanakula. Halafu akanitangaza mimi. Mguu wa kushoto, kovu, chini ya goti. Halafu akatangaza baiskeli."

Niliweka maji chini.

"Jamaa mmoja mezani akasema, 'Huyo naye sikio lake vipi?' Wakacheka wote. Na mimi nilicheka, mayu. Ningefanyaje? Nilikuwa nimekaa nao. Nikavuta kanga nikafunika mguu. Mwingine anasema, 'Mtamba mzima! Tuangalieni miguu ya wanawake humu.' Niliacha chakula nikarudi wodini. Siku zote zilizobaki nilikula karanga."

"Ni mimi niliyemwambia aseme hivyo," nikasema. "Kaka yako alikataa. Alitaka kuzungumza na wewe tu."

Hapo alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Nilipokuwa mdogo, aliyenilea akikasirika alikuwa anasema, wewe ulikuja na ng'ombe, na ng'ombe amekufa, sasa wewe unangoja nini? Nimekua na neno hilo. Nikasema moyoni, huenda kwetu hawakuwa hivyo. Huenda walilia. Halafu nikasikia bei yangu kwa masikio yangu mwenyewe, imebaki ileile."

Nilimwambia tulilia. Nilimweleza matanga, wazee, kidonda, mavuno mawili, nyumba tupu. Alisikiliza yote. Sikuona kama hakuamini, nadhani aliamini. Lakini yalikuwa yamechelewa, kama mvua inayokuja pamba ikiwa imekwisha kufunguka. Alinipikia ugali na sato, tukala na watoto wake wawili. Aliwaambia, "Mwamkieni mgeni." Jioni alinisindikiza mpaka barabarani.

"Utakuja?" nikamuuliza gari lilipotokea.

"Hapana, mayu. Mwambie yule kaka simlaumu. Lakini aondoe lile tangazo."

Nilipofika Bariadi nilimweleza mdogo wangu yote, na kosa nikaliweka mahali pake, juu yangu. Nilitegemea anipigie kelele. Aliuliza tu watoto wana umri gani. Kisha akakaa mbele ya kompyuta, akalifuta tangazo la kwetu, akaniambia nitazame nione limekwisha. Kesho yake hakufungua, wala siku tano zilizofuata. Waliopita walidhani tuna msiba, wengine wakaleta unga.

Alipofungua tena alianza kuyasoma matangazo yaliyobaki, moja baada ya jingine. Kila lililokuwa na alama za mwili na zawadi aliliandika upya. Alikuwa akiwafuata wenye matangazo vijijini kwa baiskeli kuwauliza wangependa kumwambia nini ndugu yao kama angekuwa amekaa hapo mbele yao. Wengi walikosa la kusema, yeye akangoja. Kazi hiyo ilimchukua kiangazi chote, na kompyuta zikabaki bila wateja, maana mwenyewe hakuwepo. Mwaka uliofuata alifunga chumba, akaenda kufanya kazi ya kuajiriwa Mwanza, na mpaka leo yuko huko.

Kabla ya kuhama alikwenda Lamadi siku moja, peke yake, bila kuniambia. Alirudi na mfuko wa dagaa, akauweka mezani kwangu.

"Umemwona?"

"Nimenunua kwake. Alinipimia kopo tatu, akaongeza kiganja."

"Ukamwambia wewe ni nani?"

"Hapana. Alikuwa na wateja." Akavua viatu, akavisukuma chini ya benchi. "Ana sauti ya mama. Wewe hukuniambia hilo."

Sikumwambia kwa sababu sikuwa na uhakika, na nilikuwa naogopa kumuuliza yeye kama bado anaikumbuka sauti ya mama. Niliwachambua wale dagaa, nikawaosha, nikawaunga na nyanya. Tulikula, akaomba tena.