Marsela na Kiwanja cha Kashaulili

Marsela alizaliwa Mpimbwe, upande wa Majimoto, akaja Mpanda mjini akiwa mke wa Apolinari, mfanyakazi wa reli. Apolinari alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Josephat, na nyumba ya matofali mabichi mtaa wa Kashaulili, jirani kabisa na kwetu. Ndugu walitaka arudi kwao akalime mpunga. Alikataa. Alifungua hoteli ya chai karibu na soko: mabenchi mawili, jiko la kuni na paa la mabati, basi. Wenye maduka walikula chapati na maharage yake kabla ya kufungua milango yao. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na akicheka alifunika mdomo kwa pindo la kanga.

Josephat alikuwa golikipa wetu. Mimi nilicheza pembeni kulia, kwa hiyo mengi ya habari hii niliyaona kwa macho yangu. Yale ya ndani ya nyumba yao, Marsela alimsimulia mama yangu, Theopista, nami nikayapata kwake.

Kiwanja chetu kilikuwa nyuma ya soko, mahali ambapo zamani watu walitupa vyuma chakavu na kokoto. Tulicheza peku. Kila jioni kuna mtu alirudi kwao akichechemea, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka wa sabini na nne, mvua zikiwa zimekolea, Josephat alijirusha kuokoa mpira wa kona akaangukia kipande cha chuma kilichokuwa kimefukiwa na udongo. Kilimwingia chini ya goti. Alikichomoa mwenyewe, akafunga kidonda kwa kitambaa, akamaliza mchezo huku akitutania kwamba mpira haukuingia. Marsela alimsafisha kwa maji ya chumvi. Siku chache baadaye mguu ulivimba ukawa unang'aa, na mganga wa zahanati akasema apelekwe Tabora upesi.

Treni haikuja. Mto ulikuwa umefurika na reli imekatika. Marsela alishinda stesheni na mwanawe amelazwa juu ya mkeka, homa inampanda, yeye akimpepea nzi kwa kanga na kumuuliza kila mwenye kofia ya reli kama kuna habari. Njia ilipofunguka, mguu ulikuwa umeshaanza kutoa harufu. Tabora waliukata juu ya goti.

Walirudi jua likianza kuwaka kiangazi. Tulikwenda kumpa pole. Josephat alikuwa amekaa kitandani, magongo yameegemezwa ukutani, akatuuliza habari za timu, tukajibu hovyo hovyo kwa sababu kila mmoja wetu aliogopa kutazama pale shuka ilipolala bapa. Jioni ile ile tulikuwa kiwanjani tena. Tungefanya nini? Tulikuwa vijana.

Marsela alisikia kelele zetu akiwa jikoni. Aliacha chai ikichemka, akaja na jembe begani, akasimama katikati ya kiwanja. Mpira ulimpita miguuni akauacha. Kisha akaanza kulima. Alichimba jiwe, akalitupa pembeni. Akachimba kipande cha bati, akakitupa. Tulisimama tukimtazama, halafu mmoja wetu akainama, na mwingine, mpaka giza likaingia.

Asubuhi yake, wenye maduka walipokuja kunywa chai, walikuta jiko limezimwa na Marsela amekaa kwenye benchi lao.

"Leo hakuna chapati?" aliuliza Nasoro, Mwarabu wa duka la vitambaa.

"Zipo, Bwana Nasoro. Lakini leo nina ombi kwanza." Alielekeza mkono kule nyuma ya soko. "Mguu wa mwanangu umebaki pale. Sitaki wa mwingine ubaki. Nyie mna trekta, mna mbao, mna watu. Mimi nina jembe tu."

Mzee Manyanda, Msukuma mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alikuna kidevu.

"Mama Josephat, trekta langu ni la kubeba mpunga," alisema. "Ila mavuno bado hayajaanza. Lichukue."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Trekta la Manyanda lilikuja na tela, likazoa kokoto na vyuma na kumwaga udongo mwekundu. Telesphor, mwenye kiwanda cha kupasua mbao, alileta nguzo za mninga za magoli, zimepigwa randa zikawa laini kama meza. Nasoro aliwaagiza wavuvi wa Karema, ambao alinunua kwao dagaa, wakamletea nyavu kuukuu za ziwani. Wazee wakazishona viraka zikawa nyavu za goli. Hata fundi wa baiskeli alichangia: alipasha moto vipande vya chuma akavikunja vikawa vyuma viwili vya duara kwa ajili ya wasichana wa netiboli. Marsela ndiye aliyepika. Kila Jumamosi sufuria ya uji na birika la chai vilikuwa chini ya mwembe wa soko, na hakumdai mtu.

Mji ulimsifu. Padri alimtaja kanisani. Ni nyumbani tu ambako hakusifiwa.

Josephat alikuwa hatoki. Akisikia trekta alifunga dirisha. Jioni moja Marsela aliingia akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Tabora.

"Mwanangu, wamekaa kikao," alisema. "Mwenyekiti wa chama na wafanyabiashara wote. Wamesema kitaitwa Kiwanja cha Josephat."

Josephat alikuwa anachonga gongo lake kwa kisu. Aliendelea kuchonga.

"Mama, mimi nimekufa?"

"Usiseme hivyo."

"Basi kwa nini mnanipa jina kama marehemu?" Aliweka kisu chini. "Kila siku unaamka unakwenda kuwatengenezea wenzangu mahali pa kukimbia. Unarudi umechoka, unalala. Tangu tumetoka hospitali hujakaa na mimi hapa hata jioni moja. Mimi nitachezea nini kiwanja hicho?"

Marsela alimwambia mama yangu kwamba alitaka kumjibu kuwa yote yale alikuwa anamfanyia yeye. Lakini maneno yalipofika mdomoni aliona si kweli. Alikuwa anajifanyia mwenyewe, maana akikaa nyumbani aliuona ule mguu usiokuwepo, na akiwa kiwanjani mikono yake ilikuwa na kazi. Alikwenda kwa mwenyekiti kuomba jina libadilishwe. Mwenyekiti alicheka kwa upole, akasema watu wameshalizoea.

Siku ya kufungua, mwaka wa sabini na tano, mji mzima ulikuwepo. Maduka yalifungwa mchana. Kulikuwa na ngoma ya Kikonongo, hotuba, na timu ya Karema iliyokuja kwa lori ikiwa imejaa vumbi. Walimwekea Josephat kiti mbele, karibu na mwenyekiti. Kiti kile kilikaa kitupu. Marsela alikuwa anagawa chai aliposikia honi ya treni ya kwenda Tabora, na mama yangu anasema aligeuka kutazama upande wa stesheni, kisha akamaliza kumimina. Tulishinda mabao matatu. Marsela aliporudi nyumbani alikuta kitanda kimetandikwa. Blanketi halikuwepo, wala koti la Apolinari, wala magongo.

Baada ya muda mrefu gadi mmoja wa treni alileta habari: Josephat yuko Kaliua, anashona viatu karibu na stesheni. Marsela alipanda treni siku iliyofuata. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, sindano mkononi, nta imemganda vidoleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Turudi nyumbani."

"Hapa ni nyumbani," alijibu, bila hasira. "Hapa mtu akinitazama anaona fundi viatu. Hakuna anayejua niliwahi kuwa golikipa."

Alimnunulia mama yake wali na samaki, akamsindikiza mpaka kwenye behewa. Marsela alikwenda tena, na tena. Kila mara alipokelewa kwa heshima, na kila mara alirudi peke yake.

Mwaka wa sabini na sita ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi yaliambiwa yafunge, ushirika uuze. Nasoro alifunga vitambaa vyake, akaja kuaga hotelini, akanywa chai yake ya mwisho amesimama. Manyanda alihamia Majimoto na trekta lake. Telesphor alibaki, ila mashine yake ilikosa vipuri ikanyamaza. Nyavu za goli zilioza, na majani yakaota kwenye eneo la kona. Wa kuyang'oa alikuwa Marsela, na sisi tuliomsaidia tulipungua kadiri tulivyooa na kutafuta kazi.

Ilipoanza vita ya Kagera, vijana walioandikishwa walikusanywa pale pale kiwanjani kabla ya kupandishwa kwenye malori. Marsela aliwapikia chai. Makarius, mfungaji wetu, alikunywa vikombe viwili akamwambia, "Mama, nikirudi unipikie chapati." Hakurudi. Wala ndugu wawili waliokuwa wakicheza beki hawakurudi.

Baada ya matanga ya Makarius, Marsela aliuza mabati ya hoteli. Alimwambia mama yangu, "Theopista, nimewalea watoto wa watu kwenye kile kiwanja mpaka wakubwa wakaja kuwachukua. Wangu yuko Kaliua anashona viatu peke yake. Nakwenda kukaa naye, atake asitake." Tulimsindikiza stesheni. Alikuwa na sanduku moja na sufuria ya uji.

Josephat alimpokea. Tulisikia kwamba walikuwa wanakaa chumba kimoja, yeye anapika, mwanawe anashona, na kwamba jioni walikuwa wanakaa mlangoni pamoja. Haikuchukua hata mwaka. Homa ilimshika Marsela mvua zilipoanza, akafa kabla hatujajua kwamba anaumwa.

Tulikwenda Kaliua, mimi na wachezaji wa zamani tuliokuwa tumebaki, na mama yangu. Tulimkuta ameshazikwa. Josephat alisimama mlangoni kwa magongo yake, akatutazama mmoja mmoja. Tuliogopa kwamba atatufukuza. Alisogea pembeni tupite.

Tuliketi kwenye mkeka. Alituletea maji kwenye kata. Kisha akauliza, "Makarius mbona hamkuja naye?"

Hakuwa amejua. Marsela alikuwa hajamwambia. Mama yangu ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, akawataja na wale mabeki wawili. Josephat alijifunika uso kwa mikono yenye nta, akalia kwa sauti, kama mtoto. Sijui kama alikuwa anamlilia mama yake, au wenzake, au mguu wake. Nasi tukalia naye.

Asubuhi alitupeleka kwenye kaburi. Lilikuwa udongo mbichi na msalaba wa mti. Tulisali rozari. Mama yangu alimwomba aje Mpanda, hata kwa siku chache, watu wampe pole kule alikozaliwa. Alisema atafikiri. Alitusindikiza mpaka stesheni, akampa mama yangu sufuria ya uji aende nayo, kisha akageuka kurudi kwenye kigoda chake, ambapo mtu mmoja alikuwa ameshasimama akimsubiri na kiatu mkononi.

Mpanda hakuja.