Kuku Aliyefanana Mno

Kule kwenye duka la kuku wa kukaanga walimwita Sikio. Jina hilo hakulipata kwa umbea, ingawa umbea nao alikuwa nao wa kutosha. Alilipata kwa sababu ya mafuta. Wakaangaji wenzake walingoja kengele ya mashine kujua kuku ameiva, yeye aliipa mashine mgongo, akikata kabichi, na ghafla akasema "toa." Wakitoa, kuku ana rangi ya shaba, na kengele inalia nyuma yao kama shahidi aliyechelewa mahakamani. Alisema mafuta yana sauti mbili: ya maji yanayotoka kwenye nyama, na ya maji yaliyokwisha. Kati ya hizo mbili una nafasi ya kuvuta pumzi mara tatu. Ukichelewa hapo, umewalisha watu mpira.

Miaka tisa alikaanga kuku wa watu na hakuwahi kununua hata ndoo moja. Ndoo, maana yake lile kopo la karatasi la vipande kumi na viwili, iliuzwa kwa ujira wake wa siku mbili. Wafanyakazi walikuwa na upendeleo wao, tusiwasingizie wenye duka: ukinunua ndoo, sosi ya nyanya bure. Kwa hiyo kila jioni alirudi nyumbani ananukia kitu asichoweza kukinunua. Mabinti zake wawili walimkumbatia kwa muda mrefu kuliko mapenzi yanavyohitaji, pua zimezama mabegani mwake. Mumewe, fundi rangi, alisema ameoa bango la biashara.

Ndipo alipoamua kupika mwenyewe. Kuku mzima wa sokoni, mafuta, unga, na hesabu yote haifiki hata nusu ya ndoo. Kikwazo kilikuwa pakiti. Kila asubuhi msimamizi wa duka alifungua stoo kwa ufunguo aliouvaa shingoni kama hirizi, akatoa pakiti nyeupe za viungo, zisizo na maandishi ila namba. Ndani mna nini, hakuna aliyeambiwa. Mwaka uliotangulia, mwosha vyombo alikutwa na nusu pakiti ndani ya soksi. Alifukuzwa povu likiwa bado mikononi, na waliobaki wakalazimishwa kutia sahihi kwenye karatasi inayosema kwamba siri ya pakiti ikionekana nje ya duka, kazi imekwisha na polisi wanafuata. Msimamizi aliisoma karatasi ile kwa sauti ya msibani. Huyu walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu hakuweza kupiga chafya bila kutaja taratibu za kampuni.

Sikio hakuiba hata chembe. Alichofanya ni kunusa, na kunusa alikuwa analipwa. Miaka tisa vumbi la pakiti lilimwingia puani, likamkaa kwenye nyusi, likamfuata kitandani. Akaenda sokoni na pua yake: pilipili manga, vitunguu saumu vya unga, tangawizi, haradali, pilipili nyekundu isiyowasha. Jumapili ya kwanza chumvi ilizidi, na fundi rangi, kwa heshima ya ndoa, akanywa majagi mawili ya maji bila neno. Ya pili kuku alikuwa na ladha ya dawa ya kikohozi. Ya tatu binti mdogo alitafuna, akafikiri, akasema bado. Ya nne hakuna aliyesema kitu. Walikula kimya, wanne wote, mpaka mifupa ikaanza kulalamika.

Ukimya ule ndio uliomtia baridi. Alielewa. Hakuwa amekaribia ladha ya dukani. Alikuwa ameifikia yenyewe, na hakuna mtu duniani atakayeamini kwamba aliifikia kwa pua. Aliinuka akafunga madirisha.

Tangu siku hiyo akawa anakaa roho juu. Alipika madirisha yamefungwa, kitambaa kimebanwa chini ya mlango, familia nzima inatokwa jasho kama wanafukizwa. Siku za mwizi ni arobaini, na yeye ambaye hakuiba alijikuta anazihesabu.

Hazikufika. Binti mdogo alibeba mapaja mawili shuleni kwenye mkebe wake wa chakula. Wenzake walipouliza, mtoto aliona aibu kusema ni chakula cha nyumbani. Ungemwelewa, chakula cha nyumbani ni cha watoto wasio na hela. Akajidai. Akasema mama yake anakitoa kazini, kila wiki, kadiri anavyotaka. Na katika darasa zima la watoto arobaini na wawili, paja la pili alimgawia binti wa Bwana Taratibu.

Mdomo huponza kichwa, ila huyu mtoto aliponza kichwa cha mama yake.

Ijumaa Sikio aliitwa stoo. Bwana Taratibu alimwambia, mlango umefungwa, kwamba binti yake anamjua kuku wa duka hili kama anavyojua sauti ya baba yake, na kwamba amemla shuleni. Pakiti zote zilikuwepo, alizikagua mwenyewe. Kwa hiyo alishuku kwamba Sikio anachota kidogo kidogo kutoka kila moja na kuziba tena, jambo ambalo aliliona baya kuliko wizi wa kawaida kwa sababu lina akili. Sikio alijibu kwamba anapika kwa viungo vya sokoni. Msimamizi akatabasamu kwa huzuni.

"Dada, watu wenye maabara wamejaribu wakashindwa. Wewe una nini? Sufuria?"

Akasema Jumapili atakuja nyumbani. Sikio atapika mbele yake. Taratibu zinaruhusu.

Usiku ule na uliofuata Sikio hakupata usingizi. Fundi rangi alipendekeza atie sukari, au aunguze kabisa, kuku awe mbaya. Sikio akamweleza, taratibu, kama mtu anayeeleza ramani ya kaburi lake. Akipika vibaya, msimamizi atasema: basi yule mtamu aliyeliwa shuleni alitokana na pakiti, wewe ni mwizi. Akipika vizuri, atasema: siri unayo, imo ndani ya nyumba yako, na karatasi ulitia sahihi. Mumewe akauliza kama hawawezi kukaanga samaki.

Binti mdogo alikuwa amesikia yote kutoka nyuma ya pazia. Hakuulizwa wala hakuchapwa, na hilo lilimtisha kuliko fimbo.

Jumapili saa sita mchana Bwana Taratibu aliingia na daftari. Watoto wakamwamkia. Alikaa kwenye stuli kati ya jiko na dirisha, magoti yakigusa ndoo ya maji, akafungua mikebe ya viungo mmoja mmoja akinusa na kuandika. Alitafuta soksi pia. Kisha akasema, haya, anza.

Sikio alipovingirisha vipande, unga ulimwagika hadi kwenye viatu vya mgeni. Alipogeuka na karai la mafuta akapaza sauti "moto, nyuma!" kama dukani, kumbe nyuma hakuna mtu ila ukuta. Akaviweka vipande. Mafuta yakaanza kuimba. Wazo likamjia kwamba bado kuna njia: akiacha yazidi kidogo tu, dakika mbili, kuku wa wastani, si wa mwizi wala wa mjuzi. Akakaza moyo kuyaacha. Sauti ya kwanza ikafifia, ikaja ya pili, na koleo likawa tayari limeshaingia mafutani. Mikono haikumuuliza.

Bwana Taratibu alichukua paja. Alivunja ngozi, akaisikiliza, akang'ata. Sikio alimtazama usoni na kuona kitu asichokitarajia: uso wa yule mtu ulikuwa umepauka. Alikuwa na hofu. Alitafuna polepole, akatazama mikebe mitano ya bei rahisi kwenye rafu, akatazama mlango. Ofisi kuu wakisikia kwamba siri yao imetolewa na mkaangaji kwa tundu mbili za pua, swali lao la kwanza litakuwa: alikuwa chini ya usimamizi wa nani?

Alichukua kipande cha pili. Cha tatu alikila huku akiandika.

"Hii haifanani," alisema mwishowe. "Haifanani hata kidogo."

Msimamizi akafuta vidole, akasema ripoti inahitaji shahidi asiyependelea upande wowote, na ambaye ameshaonja vyote viwili. Dukani kampuni huwapa watoto wa wafanyakazi ndoo moja mwisho wa mwaka, kwa hiyo shahidi yupo. Akamwita binti mdogo. Mtoto akaja, akasimama mbele ya stuli, mikono nyuma.

"Useme kweli. Hii ya mama yako na ile ya dukani, ni sawa?"

Mafuta yalikuwa bado yanachemka karaini, na Sikio hakuyasikia. Mtoto huyu hakuwahi kudanganya kuhusu ladha. Ndiye aliyesema bado Jumapili ya tatu. Fundi rangi alikohoa. Mtoto alimtazama baba yake, kisha mama yake, muda mrefu, kisha akatazama viatu vyenye unga.

"Ya dukani tamu zaidi," akasema. "Ya mama ni ya nyumbani tu."

Bwana Taratibu aliandika neno kwa neno, akampa Sikio kalamu atie sahihi kwamba kuku wake, pamoja na lile paja la shuleni, hafikii kiwango cha kampuni. Alitia. Mgeni akaomba vipande viwili vilivyobaki kwa ajili ya uchunguzi, akavifunga kwenye karatasi ya daftari, akamkumbusha zamu ya Jumatatu kuwa ni ya asubuhi, akaondoka.

Fundi rangi alikaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi. Binti mdogo alikuwa analia kweli, na mama yake akamvuta, akamkumbatia, unga ukahamia nguo hadi nguo. Kazi ipo. Polisi hawaji. Mdomoni mwa Sikio lilikuwepo swali moja dogo: mwanangu, pale ulidanganya, au? Alilishika kwenye ulimi, akainuka kuzima jiko bila kuuliza.