Nyongeza ya Seti ya Vitenge

Kabla hujaanza kucheka, ngoja kwanza nimalize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yamenikuta mwenyewe, sebuleni kwangu, Soweto hapa Mbeya, mchana kweupe, sijalewa wala siumwi. Tena mimi si mtu wa kuamini mambo ya ajabu ajabu. Muulize yeyote mtaani, atakwambia yule mama ana mdomo tu, mambo ya waganga hata hayajui.

Nauza vitenge mtandaoni. Sina fremu ya duka, nina sebule na simu. Na kitenge kimoja kimoja siuzi, nauza seti: doti nyingi za rangi moja na maua yale yale, kwa watu wa harusi, wa kipaimara, wa kwaya. Kila tangazo langu naandika, "Seti haivunjwi." Maana ukiivunja ukabaki na doti mbili, nani atazichukua? Sare ya watu wawili ni sare gani?

Basi, siku moja nikaona mama mmoja wa Mlandege, kule Iringa, ametangaza seti ya doti kumi na moja. Bluu iliyoiva, ina ndege weupe, haijafunguliwa. Bei yenyewe ilikuwa ya chini mpaka nikampigia kuuliza zina kasoro gani. Akasema hazina. Akaniomba jambo moja tu: "Mwanangu, ziuze hivyo hivyo zilivyokunjwa, zote kwa mtu mmoja." Nikamwitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Kesho yake mzigo ukaja kwa basi.

Sasa niambie wewe unayenunua vitu kwenye simu: kitenge kilichokunjwa utakijuaje kinavyokaa mwilini? Kazi yetu ndivyo ilivyo, lazima doti moja ifunguliwe, mtu aivae, apigwe picha. Na anayevaa kwangu ni Tumaini, mdogo wangu wa mwisho. Nimemlea mimi tangu mama yetu afariki, sina mwingine. Binti wa vituko huyo, kila picha lazima atoe ulimi mara moja ndipo atulie. Wakati ule alikuwa tayari amechumbiwa na kijana fundi umeme wa Uyole. Akajifunga kile kitenge, akapendeza mno, nikampiga picha, nikaposti.

Jioni ile ile meseji ikaingia, akaunti haina hata picha. Simu alikuwa nayo Tumaini, mimi nageuza ugali. Akanisomea huku anacheka: "Seti bado ipo?" Akajibu ipo. Ikaja nyingine: "Na huyo dada aliyevaa?" Unajua sokoni ukinunua fungu la nyanya unaongezwa moja juu. Tumaini akaandika, "Ukichukua zote, mimi nyongeza."

"Wee! Utanifukuzia wateja," nikamwambia, na mimi nacheka. Tulicheka sana siku hiyo, jamani. Nikikumbuka kile kicheko naumia.

Kesho yake mchana mvua ilikuwa inanyesha, na ukungu wetu ule unaoingia mpaka jikoni. Nikasikia mtu mlangoni, "Kamwene." Salamu ya Kihehe hiyo. Nikafungua. Alikuwa msichana, mzuri, mpole, amevaa gauni la kitenge cha bluu chenye ndege weupe. Nikafikiri, aha, kumbe wateja wengine wanacho tayari, wanataka kujazia. Nikamkaribisha. Alipoketi ndipo nikaona hajalowa hata tone, na huko nje maji yanatiririka. Niamini, nilijiambia labda kashushwa na bajaji hapo mlangoni. Mtu unajitafutia sababu, si ndiyo?

Chai hakugusa. Aliweka tu kiganja juu ya rundo la vitenge, akakiacha pale kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ni zenyewe. Nachukua zote, dada. Na huyu."

Alikuwa anamtazama Tumaini.

"Huyu hauzwi, mpenzi," nikasema, bado natania. "Huyu ana wenyewe huko Uyole."

"Alisema mwenyewe kwamba ni nyongeza."

"Ebo! Si ulikuwa utani?"

"Utani una watu wake," akasema taratibu, bila hasira. "Mimi na yeye hatujawahi kutaniana."

Nikageuka nimwambie Tumaini acheke basi yaishe. Tumaini alikuwa amesimama, anavaa viatu. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hakuwa ananiona mimi. Nikamshika mkono, mkono ulikuwa wa baridi. Hofu niliyopata pale sijawahi kuipata, hata siku mama anakata roho. Na unajua kilichonitoka mdomoni ni nini? Maneno ya biashara. Nikapiga kelele, "Hujalipa! Nyongeza haitoki kabla mtu hajalipa!"

Msichana akafikiri. "Kweli," akasema. "Basi nitalipa."

Akainuka, akaondoka. Alipogeuka ndipo nikaona lile gauni kwa nyuma. Halikuwa na mgongo. Lilikuwa limepasuliwa kutoka shingoni hadi chini, limechomekwa tu ubavuni, kama wanavyofanya wanapomvalisha mtu asiyeweza kuinua mikono. Nikaukimbilia mlango nikaufunga kwa komeo.

Tumaini akalala kitandani na hakuinuka. Hospitali walipima malaria, walipima taifodi, hawakuona kitu. Hakula. Alikuwa anauliza swali moja tu: "Dada zangu wameshavaa?" Namwambia dada yako ni mimi, niko hapa, ananitazama kama mgeni. Nikampigia yule mama wa Mlandege, nikamweleza binti aliyekuja na gauni alilovaa. Akaniambia nimweleze tena lile gauni. Kisha akasema, "Zilete. Na mdogo wako uje naye."

Tulifika Iringa Tumaini ameniegemea begani njia nzima. Pale sebuleni Mlandege, ukutani, picha niliyoikuta ilikuwa ya yule yule mteja wangu. Mama yake alisimulia huku anafuta macho kwa ncha ya khanga. Binti alikuwa anaolewa. Vitenge vilinunuliwa sare ya dada zake na shangazi zake kwa ajili ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao. Akafa kwa ajali barabarani kabla ya siku yenyewe. Walimzika na gauni lake lililokuwa limeshashonwa. "Tulilipasua mgongoni ndipo likaingia," mama akasema. "Hizi nyingine sikuweza kuzitazama. Nikasema ziende mbali, zivaliwe na watu wenye furaha." Ningemlaumu kwa lipi?

Wakaitwa wale dada na shangazi. Kila mmoja akajifunga kitenge chake, tukaenda makaburini na mchungaji wao. Akaomba, kisha wakaimba nyimbo za sendofu ambazo hazikuimbwa. Mama akapiga kigelegele, kikakatikia njiani, akakirudia. Ile doti aliyovaa Tumaini tuliifukia pale pale. Wakati tunarudi nyumbani Tumaini akanivuta mkono, akasema, "Dada, nina njaa." Nililia barabarani bila aibu.

Ningependa kukwambia yameishia hapo. Tumaini alipona, akarudi na vituko vyake, siku ya harusi ikapangwa. Juzi juzi shangazi wa mchumba wake akaja kutoka Uyole na mfuko mkubwa, furaha tupu. "Sare yetu hii, mama! Mwaonaje?" Akaumwaga pale sebuleni. Bluu iliyoiva. Ndege weupe.

Nikamuuliza wamenunua wapi.

"Hatukununua," akasema. "Alizileta binti mmoja mpole. Kasema ni za harusi ya dada yake, na kwamba ameshalipa."

Tumaini alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Akaiweka chini polepole. "Kumbe amelipa," akasema.

Harusi tumeisimamisha. Vitenge sina tena, matangazo yote nimefuta, tunakula kwa maandazi ninayokaanga. Tumaini analala chumbani kwangu, na viatu vyake navificha mimi. Wewe unayeuza mtandaoni, nakuomba sana: picha piga za bidhaa, mtu wako mwache nje. Na mteja usiyemjua akikutania, usimrudishie utani. Kila asubuhi mdogo wangu akiamka ananiuliza kwa adabu kama mteja wake ameshafika. Namjibu bado. Kisha anauliza viatu vyake viko wapi.