Baba alikuja Shinyanga kunitolea damu, ikakutwa yake ni ndogo kuliko yangu

Wakuu, habari za jioni. Wadogo zangu wote, marahaba.

Ninalosimulia sio chai. Lilinitokea mimi mwenyewe mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Kwetu ni upande wa Kharumwa. Baba alilima mpunga na pamba. Nikiwa binti wa miaka kumi na tisa nilianguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, paja la kulia likavunjika. Mganga wa mifupa pale kijijini akanifunga vijiti. Mfupa ukaunga, ila uliunga umepinda. Nikawa mtu wa kuchechemea na kulia kwa maumivu kila siku.

Mwaka ulipopita, baba akanipandisha lori la pamba hadi hospitali moja ya Shinyanga. Mnayakumbuka malori yale? Unakaa juu ya mzigo, unashuka nywele zote nyuzi nyuzi.

Daktari akatazama eksirei, akasema mfupa ukatwe upya na ufungwe chuma. Kisha akanivuta kope la chini, akaona ndani peupe. Wakanitoboa kidole, wakapima wingi wa damu.

Saba. Mwanamke mzima anatakiwa afike kumi na mbili.

"Paja linamwaga damu nyingi," akamwambia baba. "Nikimpasua hivi alivyo, nitahitaji chupa mbili tatu za kumwongezea. Akiba hatuna. Inatoka kwa ndugu."

Enzi zile, wakuu, kutoa damu watu waliona kama kutoa roho. Baba zangu wadogo wawili walikuwa wamekuja nasi. Waliposikia habari ya sindano, wakaaga eti ng'ombe wamebaki peke yao. Hawakurudi.

Baba akakunja mkono wa shati. "Chukueni yangu. Yote mnayotaka."

Hapa inabidi niwaambie ukweli kuhusu baba. Nyumbani alijulikana kwa uvivu. Saa tatu asubuhi ameshaweka jembe chini, amekaa kwenye tuta anahema. Mama alikuwa anamsema mbele yetu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimdharau.

Mzee wa maabara, Msukuma mwenzetu, mpole sana, akampima kwanza. Akarudia. Kisha akaja hadi kitandani kwangu, alipokuwa amekaa baba.

"Baba Kabula, damu ya binti yako ni saba. Yako ni tano. Unatembeaje?"

Baba akawaka. "Mimi nimekuja kutoa, sikuja kupimwa!"

"Siwezi kuichukua, mzee wangu. Wewe unaumwa siku nyingi."

Nilimwona akishusha mkono wa shati taratibu. Nikageukia ukutani nikalia.

Tukapimwa choo wote wawili. Safura. Minyoo yake inaingilia nyayoni, inakunyonya damu tumboni, na sisi tulishinda peku kwenye majaruba ya mpunga tangu utoto. Daktari akaahirisha oparesheni. Minyoo itoke kwanza, damu ipande, ndipo anipasue.

Tulikaa zaidi ya miezi miwili. Mimi wadini, baba kwenye banda la wanaouguza. Baada ya dawa ya minyoo vikafuata vidonge vya madini chuma, na nesi hasogei mpaka umeze. Choo kikawa cheusi tii. Baba alikimbilia maabara akisema ameoza ndani! Wakamcheka, wakamweleza ndivyo dawa ilivyo. Tukakatazwa na chai karibu na vidonge, inazuia dawa kufanya kazi. Baba akasema sukari yenyewe ya mgao, chai ya nini.

Alikuwa anatupikia mwenyewe. Ugali wa mtama, dagaa, nsansa, yale majani makavu ya kunde, na maini siku akiyapata. Anakaa kwenye ukingo wa kitanda, tunakula sahani moja, ananisimulia ujana wake. Sikuwahi kuongea naye hivyo. Nikiambiwa nichague siku za kurudia maishani, nitachagua zile.

Siku moja alitoka sokoni na kifurushi, akasimama mlangoni pa wadi kama aliyepotea.

"Kabula," akasema, "nimetembea moja kwa moja. Sijahema."

Damu yangu ilipofika kumi na mbili, nikaingizwa thieta. Mzee wa maabara, ambaye damu yake na yangu ni kundi moja, alikaa tayari kunitolea. Hakuhitajika. Nilishuka hadi tisa, nikaendelea na vidonge, nikapona bila chupa hata moja.

Tuliporudi, baba alishika jembe la ng'ombe mpaka jua la utosi. Mama alimwangalia kutoka mlangoni, halafu akakaa chini akajifunika kanga usoni. Miaka mingi baadaye, tumeshamzika baba, ndipo aliniambia: "Nilikuwa nagombana na minyoo, nikidhani nagombana na mume wangu."

Wakuu, sipingi kuongezewa damu, inaokoa. Na ukiwa mzima, katoe. Ila kama una mgonjwa anayesubiri kupasuliwa mfupa na si dharura, ulizeni wingi wa damu wiki nyingi kabla, mjue na kilichoipunguza. Na yule mnayemwita mvivu hapo nyumbani, mpelekeni akapimwe.

Nani humu naye alimhukumu mzazi wake, kumbe alikuwa mgonjwa? Uwanja ni wenu, nasoma kila mtakachoandika.

Wabheja sana, asanteni.