Plani Iliyofungwa

Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyechora plani, ramani ya nyumba. Mimi nilisimamisha kuta zake ndani ya kompyuta, kwenye programu inayoonyesha nyumba kama imekwisha kujengwa. Nilijifunza kuitumia kwa mafunzo mafupi na kwa kujaribu-jaribu, kwa hiyo huenda kuna kitu hapa ninakieleza vibaya.

Nyumba ilikuwa ya Maman mmoja, mfanyabiashara wa Kamembe. Aliijenga ili amlete baba yake kutoka Nkungu, Mzee ambaye miguu ilikuwa imekwisha kumkatalia.

Mwenzangu aliniambia, "Plani nimeshaifunga ndani ya kazi yako." Nikasikia imefungwa, yaani imekwisha, haiguswi tena. Nikajenga kuta juu ya mistari yake, kisha nikaificha mistari yenyewe maana ilinichafulia macho. Kumbe yeye alimaanisha ameifunga kwa kamba: akibadili kwake, na kwangu inabadilika.

Baadaye Maman akamwomba mwenzangu mlango wa bafu ufungukie chumbani kwa Mzee, asiwe anapitishwa sebuleni. Mwenzangu akausogeza. Kwangu mistari ikasogea huko ilikofichwa, kuta zikabaki palepale. Nikachapa michoro, mafundi wakajenga.

Maman alipokuja shantie, pale nyumba ilipokuwa ikijengwa, vigae vilikuwa vimeshabandikwa na mabomba yamo ukutani.

"Bapapa, mulango ya Mzee iko wapi?"

Mwenzangu akanigeukia. "Si niliifunga? Ukifunga mbuzi ku kamba, ukivuta kamba, mbuzi inakuja."

"Kamba ilikuja," nikamjibu. "Mbuzi ilibaki."

Mafundi wakacheka. Maman hakucheka, na jibu lile hadi leo linaniuma, pengine kuliko mlango wenyewe.

Mwenzangu hakunificha kitu, lazima niseme. Aliamini kuta zitafuata mistari. Mimi niliamini hakuna kitakachosogea. Nani alikosa zaidi, sijui. Kuuliza, hatukuulizana.

Tulijitolea kubomoa. Lakini tulipofika na nyundo Mzee alikuwa amekwisha kuhamia, akakataa. "Musibomole nyumba ya mutoto wangu sababu ya mulango."

Akawa anabebwa kwenda kuoga amefunikwa kitenge, akipita mbele ya wageni waliojifanya kutazama televisheni. Ikafika wakati akawa haogi mpaka wageni waondoke, na nyumba ya mfanyabiashara haikosi wageni. Mwishowe akaomba arudishwe Nkungu.

Maman alimpeleka mwenyewe. Tulipomwambia kwamba sasa tunaweza kuja kubomoa, alisema tuuache tu ukuta, chumbani ameshaweka magunia ya mchele.