Jina la Mama Kwenye Mdudu wa Mlimani

Baba yangu ni mtaalamu wa wadudu kwenye makumbusho, na ni mkaidi. Mawili hayo ndiyo yaliyompokonya mama jina lake.

Kazi yake ni vidudu virukaji vinavyofyonza majani, vidogo kuliko punje ya mchele. "Wenzangu wameolewa na watu," mama alizoea kumtania, "mimi nimeolewa na hadubini." Lakini kila baba alipopanda mlima, alipanda naye. Ni mama aliyemwona yule mdudu, juu kabisa ambako miti imekwisha na nyasi zinaota mafungu mafungu kwenye baridi: wa kijivu, mwenye mabawa mafupi yasiyomfikisha popote. Walikusanya majike matupu.

Wataalamu wa wadudu hao husubiri dume, maana spishi moja hutofautishwa na nyingine kwa maumbile ya dume. Baba hakusubiri. Mama alikuwa ameshaanza kuumwa, na daktari hakuwa akizungusha maneno tena. Baba alichora, akapima, akaandika, akampa mdudu jina la mama. Jarida lilipotoka alimpelekea wodini. Mama alifuatisha jina lake kwa kidole.

"Kumbe mimi ni jike lisilo na dume," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Hakurudi nyumbani.

Ule ukurasa tuliutia kwenye fremu, tukautundika sebuleni. Wageni wakiuliza, mimi ndiye niliyekuwa naeleza, tena kwa majivuno.

Mvua zilipokatika, baba alipanda peke yake kutafuta dume. Alimpata kwenye unyasi, amepandana na jike la kijivu. Alikuwa mweusi, mwenye mabawa marefu, na baba alimtambua papo hapo. Zamani mtaalamu mmoja mgeni alikuta madume tu, akayapa jina la Mkurugenzi wa makumbusho, shukrani ya kibali na chai. Hakuna aliyewahi kudhani mweusi yule na wa kijivu wetu ni mtu na mkewe. Na kwa sheria yao, spishi moja ikiwa na majina mawili, linabaki la kwanza.

"Si unyamaze tu?" nilimwambia alipoanza kuandika. "Nani atapanda huko kukuumbua?"

"Nimewaona, mwanangu."

"Mama alikufa akijua jina ni lake."

"Najua alivyokufa. Nilikuwepo."

"Basi mwachie."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaendelea kuandika. Watu wanamsifu kwa uaminifu wake. Mimi hata leo nikimpakulia chakula, naiweka sahani kwa kishindo.

Nilikwenda makumbusho kuiona droo. Lebo mpya ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Jina la mama halikufutwa. Liko chini ya la Mkurugenzi, kwa herufi ndogo, limewekwa kama jina lisilotumika. Nikiwa bado nimeinama, simu ya mezani kwa baba ililia, akaipokea. Alikuwa Mkurugenzi, mstaafu wa siku nyingi, ambaye mlima ule hajawahi kuukanyaga. Sauti yake ilinifikia pale pale kwenye droo.

"Nimesoma kazi yako, bwana. Kumbe nina mke huko juu na sina habari!"

Akacheka sana. Baba aliniangalia, kisha akageukia dirisha.

"Ndiyo, mzee," alisema. "Unaye."