Mkono wa Misalaba

Nilianza kuandika mabango nikiwa na miaka arobaini na mitatu, na herufi zangu za kwanza zilikuwa za maiti. Mume wangu alikuwa mchongaji, mtu wa Ukambani kama mimi. Mgongo ulipomkatalia kuinama juu ya gogo, fundi mmoja wa majeneza kule mtaa wa Huruma alimwambia, "Nitumie mama watoto. Aliyekuwa ananiandikia misalaba ameenda." Nilidhani ameenda nyumbani kwao. Msalaba wa kwanza nilioandika ulikuwa wake.

Shule niliishia darasa la pili. Fundi alinichorea herufi zote kwenye kipande cha plaiwudi, kubwa, nyeusi, kila moja imevalishwa vistari vidogo, viatu chini na kofia juu. Akanionyesha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa bluu ya kufulia: unauvuta, unauachilia, unabaki na alama iliyonyooka, na rangi ikikauka unaipangusa bluu yote. "Ukijua hizi, umejua zote," akasema. Sikuzisoma. Nilizichora tu, kama mtu anavyochora kikombe.

Miaka hiyo ya tisini kazi haikukosekana, na hapo ndipo uchovu ulipoanzia. Watu wa magharibi husafirisha mwili Alhamisi ili wazike Jumamosi, na sisi wa mashariki kwa desturi hiyo hatuko mbali nao, kwa hiyo Jumanne mpaka Alhamisi nilishinda nimeinama. Wengi walikuwa vijana. Ugonjwa hatukuuliza. Majina yao ninayo yote mpaka leo, pamoja na ya baba zao. Ukimwandika mtu polepole namna ile, hakutoki. Lakini sitayataja hapa. Wameacha watoto.

Mwaka wa tatu nikamwambia mume wangu, "Nataka kumwandikia mtu ambaye atarudi kuniambia kama ameipenda kazi yangu. Nikikosa kazi ya walio hai mwaka huu, naacha rangi, narudi kuuza mboga." Alijua mboga nilivyozichukia.

Kazi yenyewe ikaja. Mwanamke mmoja wa Kiluhya, mtu wa magharibi, alikuwa anafungua saluni nyuma ya soko la mtaa wetu, akakubali nimwandikie bango. Nilipaka ubao rangi ya maziwa, nikauandika kwa siku mbili, nikaubeba kichwani mpaka kwake. Aliutazama, akasogea, akarudi nyuma.

"Mama, umeandika vizuri," akasema. "Lakini hii mkono naijua."

"Umeionea wapi?"

"Nyumbani. Kwa kaburi ya dadangu."

Mteja aliyekuwa anasukwa kwenye kigoda akageuza shingo na nywele nusu wazi. "Ai, dada! Watu wakuje hapa kusukwa ama kuzikwa?"

Mwenye saluni hakucheka. "Sikufukuzi, mama," akaniambia. "Niletee ingine Jumatatu. Ikikuja tena na sura ya matanga, nitatafuta mtu mwingine."

Nikajitwika ubao wangu, nikarudi. Sikumkasirikia, kwa sababu alisema kweli. Kosa lilikuwa langu: nilidhani herufi ni kama vidole, kwamba kila mtu amepewa zile zile. Kumbe nilikuwa natembea mtaani na sauti moja tu, nayo ya kulia.

Ijumaa, misalaba ilipokwisha kuondoka na wenyewe, nikachukua daftari kuukuu la watoto nikaenda Eastleigh kutafuta herufi za walio hai. Nilisimama kando ya First Avenue, nikaanza kuchora herufi za maduka ya upande wa pili, moja moja. Karibu na miguu yangu kulikuwa na mwanamume ametandaza masweta kwenye gunia. Alinitazama mimi, akatazama daftari, akaanza kukunja sweta moja bila haraka.

"Mathe, unaandika nini?"

"Naandika ile A."

"A gani? Wewe ni wa kanjo?"

Kabla sijajibu, gunia lilikuwa limefungwa. Wa soksi pembeni yake akafunga lake. Wa thamosi za chai naye akabeba zake, na habari ikateremka barabara yote: "Kanjo! Leo wametuma mama!" Askari wa baraza la jiji walikuwa wakiwanyang'anya bidhaa kila mara, kwa hiyo hakuna aliyengoja kuuliza. Nilibaki nimesimama peke yangu na kalamu, nikawaita, nikalifungua daftari na kuliinua juu. Mama wa soksi ndiye aliyethubutu kusogea. Akapekua kurasa mbili, akapiga makofi.

"Rudini! Huyu anachora tu! Ona, A zimejaa ukurasa mzima kama mtoto wa nasari!"

Walicheka mpaka nikacheka nao. Wa masweta alikuwa anatandaza upya huku amenuna. "Mathe, siku ingine chorea kwenu." Kisha, akiwa bado amenuna, akanyoosha kidole. "Na unachora mbaya. Chora ile ya lojing'i. Ona vile imelala."

Nikaiona. Herufi za nyumba ile ya wageni zilikuwa zimeinama upande mmoja, kama watu wanaokimbia. Tangu nianze, sikuwahi kuona kwamba herufi inaweza kuinama. Zangu zote zilisimama wima, mikono mbavuni, kama wanakwaya kanisani siku ya mazishi.

Jumamosi na Jumapili nilifanya mazoezi upande wa nyuma wa ule ubao uliokataliwa. Mkono ulikataa. Nikiharakisha kidogo tu, viatu vinarudi.

"Umezivalisha tena," mume wangu akasema kutoka kitandani.

"Nimeona."

"Aliyezoea kuchonga twiga, hata kifaru wake hutoka na shingo ndefu. Mimi ilinichukua mwaka kubadilisha mkono."

"Mimi nina mpaka kesho," nikamjibu.

Jumatatu nilipeleka ubao wa manjano wenye herufi nyekundu zilizoinama, ya mwisho ina mkia uliopita chini ya jina zima. Vidole vilikuwa vimekakamaa hata siwezi kushika mfuko. Mwenye saluni alitazama muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Akaigusa ile ya mwisho.

"Hii siijui," akasema, na uso ukamlegea. "Panda uiweke juu, mama."

Kesho yake nikarudi karakana ya majeneza, ambako misalaba minne ilikuwa inaningoja. Wa kwanza ulikuwa wa mwalimu, na ndugu zake walikuwa wamekaa nje kwenye benchi. Niliandika jina la kwanza lote kabla fundi hajapita nyuma yangu akasimama.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, ili wale wa nje wasisikie, "huyu mwalimu anakimbilia wapi?"

Nikatazama. Herufi zote zilikuwa zimeinama. Nikatia kitambaa mafuta ya taa, nikamfuta mwalimu wa watu, nikapiga uzi upya. Kuanzia wiki hiyo Jumatatu ikawa ya walio hai na siku nyingine tatu za wengine, na kila Jumanne asubuhi ilinibidi niandike herufi kumi hivi kwenye kipande cha mbao, mpaka mkono ukubali kusimama wima.